Vita Vikuu na Kuanguka kwa Kiti cha Enzi cha Urusi

Ufalme wa ukoo wa Romanov ulianza mwaka 1613, na katika mwaka 1913 miaka yake 300 iliadhimishwa kwa shangwe kubwa. Miaka minne baadaye haukuwako tena. Ni desturi kusema kwamba Vita Vikuu vya 1914 ndivyo vilivyouangusha. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Maana Urusi ilikwisha kushindwa na Japani katika mwaka 1905, na Tsar Nicholas wa Pili akabaki kitini pake. Yafaa basi kuuliza: vita hivi vya pili vilimwondolea kitu gani ambacho vile vya kwanza vilimwachia?

Jawabu limo katika jeshi. Mwaka 1905 wafanyakazi waligoma, wakulima wakachoma nyumba za makabaila, na mabaharia wa manowari Potemkin wakaasi. Hata hivyo sehemu kubwa ya jeshi ilitii, na jeshi hilo ndilo lililozima maasi.

Vita vilipotangazwa, Agosti 1914, umati wa watu ulipiga magoti mbele ya kasri ya mfalme, na mji wa St Petersburg ukapewa jina la Petrograd ili lile la asili ya Kijerumani lisisikike. Furaha hiyo haikudumu. Mwezi uo huo jeshi la Jemadari Samsonov liliangamizwa huko Tannenberg, naye akajiua. Katika mwaka 1915 makombora na bunduki vilipungua sana. Askari wengine walingoja bunduki za wenzao waliokufa, na Poland yote ikapotea. Maofisa wa zamani, waliolelewa katika utii kwa Tsar, walikufa kwa wingi. Mahali pao walishika walimu, makarani na watoto wa wakulima. Watu kiasi cha milioni 15 waliitwa vitani. Jeshi likawa ni umma wenyewe uliovikwa sare, na kila dhiki ya kijiji na ya mji ikawa dhiki yake.

Dhiki hizo hazikuwa chache. Viwanda viligeuzwa kutengeneza silaha, hata mkulima akakosa jembe na nguo za kununua. Hakuona faida ya kuuza ngano yake kwa fedha za karatasi zilizopungua thamani kila mwezi. Reli nazo zilielemewa na mizigo ya jeshi. Hivyo nafaka ilikuwako kusini, ilhali Petrograd, mji wa mbali kaskazini, ulikosa mkate.

Tsar mwenyewe aliongeza hatari. Mwaka 1915 alitwaa uamiri jeshi mkuu, ingawa wengi wa mawaziri wake walimsihi asifanye hivyo. Tangu siku hiyo kila kushindwa kulihesabiwa kuwa kwake. Msiba wa kujitakia hauna kilio. Naye alipokaa Mogilev, mambo ya serikali yalielekea mikononi mwa Malkia Alexandra, mzaliwa wa Ujerumani, aliyemsikiliza mno Rasputin. Tangu mwanzo wa 1916 hata Machi 1917 nchi iliongozwa na mawaziri wakuu wanne, mmoja baada ya mwingine. Rasputin aliuawa Desemba 1916, lakini heshima ya enzi haikurudi.

Tarehe 8 Machi 1917, kwa kalenda ya sasa, wanawake wa viwanda vya nguo walitoka barabarani kudai mkate. Tarehe 11 askari wa kikosi cha Volynsky waliupiga umati risasi kama walivyoamriwa; kesho yake asubuhi walimwua mkuu wao, wakajiunga na watu. Vikosi vingine vikafuata. Majemadari wa pande zote za vita, walipoulizwa shauri, walimwambia Tsar ajiuzulu, naye akatia sahihi huko Pskov tarehe 15 Machi. Ndugu yake Michael aliikataa enzi siku ya pili.

Serikali ya Muda iliyofuata haikuzingatia somo hilo. Iliendelea na vita kwa jeshi lile lile lililochoka, nayo ikaangushwa na Wabolshevik Novemba mwaka huo huo. Mwaka 1905 utawala ulikuwa na askari wa kuwatuma dhidi ya umma. Mwaka 1917 askari na umma walikuwa watu wamoja.