Wabahili wa Woodman: Upande wa Pili wa Kura za Birmingham

Mwamba ngoma huvutia kwake. Kitabu kinachotegemewa na wengi kuhusu baraza la manispaa la Birmingham, Uingereza, ni historia ya John Thackray Bunce, juzuu ya kwanza ya mwaka 1878 na ya pili ya 1885. Baraza lenyewe ndilo lililotaka kiandikwe, na Bunce alikuwa mhariri wa Birmingham Daily Post na swahiba wa Joseph Chamberlain. Hadithi iliyoenea ndiyo ile ya walioshinda: miaka ya 1850 baraza lilikuwa mikononi mwa wachoyo waliopanga mambo yao katika kilabu cha pombe, kisha mwaka 1873 wapiga kura wakazinduka, Chamberlain akawa meya, na mji ukaona mwanga.

Sisi huku tunamjua Chamberlain kwa sura nyingine. Ni yule waziri wa makoloni aliyeteremka Mombasa Desemba 1902, akapanda treni ya reli ya Uganda, na mwaka uliofuata serikali yake ikataka kuwapa Wazayoni nyanda za Uasin Gishu bila kuwauliza waliokuwa wakichunga ng'ombe huko. Siasa alijifunzia katika chaguzi za madiwani wa Birmingham, na ndiyo maana chaguzi hizo zinatuhusu kidogo.

Ya mwanzo yanajulikana. Sheria ya 1835 iliruhusu miji kuchagua mabaraza. Birmingham ikapata hati yake 1838, na katika uchaguzi wa kwanza, siku moja baada ya Krismasi mwaka huo, Waliberali walitwaa viti vyote 48. Wahafidhina wakabisha kwamba hati ni batili, na ubishi huo haukuisha hadi Bunge lilipoingilia kati 1842. Tangu hapo kila Novemba mosi theluthi moja ya madiwani walirudi kwa wapiga kura. Mpiga kura alikuwa mlipa kodi ya majengo, naye alikabidhi karatasi yenye majina ya aliowachagua na, chini yake, sahihi yake mwenyewe. Mwenye nyumba au tajiri wa kiwanda akitaka kujua fulani kampigia nani, hakuhitaji mganga.

Katika mazingira hayo akatokea Joseph Allday, mzaliwa wa 1798, aliyewahi kufanya kazi ya kuvuta nyaya na ndugu zake kabla ya kugombana nao, kisha akawa mchapishaji wa gazeti la kashfa, Argus. Alikuwa mkorofi, hilo halina ubishi. Kundi lake lilikutana Woodman, kilabu cha mtaa wa Easy Row, na wenyewe walijiita watetezi wa ubanaji matumizi. Wengi wao walikuwa wenye maduka madogo na mafundi wenye karakana za uani, watu ambao kodi ikipanda kwa senti mbili waliisikia mezani. Mwaka 1855 walizuia mpango wa baraza wa kukopa fedha zaidi, na kazi za mifereji ya maji machafu zikasimama. Mwaka 1857 mhandisi wa mji, Pigott Smith, akafukuzwa. Kufikia 1859 nguvu zao zilikuwa zimekwisha, na Allday akafariki 1861.

Hadithi iliyoenea huishia hapo. Lakini kuna kijitabu cha Allday cha mwaka 1853, ambacho wanaomcheka hawapendi kukifungua. Kinahusu gereza la Winson Green, lililofunguliwa 1849 kwa fedha za walipa kodi wa mji. Edward Andrews, kijana wa miaka 15, alifungwa miezi mitatu humo kwa kuiba ratili nne za nyama ya ng'ombe. Kazi yake ilikuwa kuzungusha mkono wa mtambo wa chuma usiosaga chochote wala kuvuta maji, mizunguko 10,000 kwa siku: 2,000 kabla ya chai ya asubuhi, 4,000 kabla ya chakula cha mchana, 4,000 kabla ya cha jioni. Asipotimiza, alinyimwa chakula. Alivishwa koti la kumfunga mikono na kola ngumu ya ngozi shingoni, akafungwa ukutani, akamwagiwa maji ya baridi. Mwezi Aprili 1853 alijinyonga kwenye dirisha la seli yake.

Mahakimu waliosimamia gereza walikuwa waungwana, wale wale wanaosifiwa kwa kuona mbali. Allday, mbahili wa Woodman, alikuwa miongoni mwa waliopiga kelele hadi ikaundwa Tume ya Kifalme, na Luteni William Austin, mkuu wa gereza, akaishia kuhukumiwa. Kwangu mimi jicho lililohesabu fedha za mifereji ndilo lililohesabu mizunguko ya mtoto yule. Allday hakumwamini yeyote aliyetumia fedha ya umma bila kuulizwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini deni lake nalo lisisahauliwe. Kusimamisha kazi za mifereji katika mji wenye visima vilivyochafuka kuligharimu maisha, na simtetei kwa hilo. Ila hata mifereji iliyojengwa ilimwaga uchafu wote katika mto Tame, na mwaka 1858 Charles Adderley, mwenye mashamba chini ya mto, akalishtaki baraza na kushinda.

Sehemu kubwa ya miaka ya 1860 naipita. Mabadiliko yalikuja sheria zilipobadilika: 1869 wanawake wasio na waume, wakiwa walipa kodi, waliruhusiwa kuchagua madiwani, na 1872 ikaja kura ya siri. Mwaka huo wa 1869 Chamberlain, mwenye kiwanda cha skrubu, aliingia barazani. Mwaka uliofuata Waliberali walisimamisha watu 15 kugombea viti 15 vya bodi ya shule, wakaambulia sita, kwa kuwa kila mpiga kura alikuwa na kura 15 na aliweza kumrundikia mtu mmoja zote. Waumini wa Kanisa la Uingereza walifanya hivyo, Waliberali hawakujipanga. Kuanzia hapo walijenga kamati kila kata, zikiamua nani asimame na nani akae pembeni. Novemba 1873 mtambo huo ulifanya kazi: viti vinane vya bodi ya shule, na umeya. Wanaouita ushindi huo mwamko wa wananchi wanausifia upepo na kumsahau nahodha.

Gesi ilinunuliwa 1875 na faida yake ikaingia hazina ya mji. Maji yakafuata 1876, na Chamberlain alishikilia kwamba hayo yasiuzwe kwa faida. Hayo ni mema, nami nayakubali bila kinyongo. Kisha ukaja mpango wa kubomoa mitaa duni katikati ya mji na kupitisha Corporation Street, barabara ya maduka makubwa. Nyumba za maskini zilibomolewa kwa jina la afya yao. Nyumba za kwanza ambazo baraza lenyewe liliwajengea wafanyakazi zilikamilika mtaa wa Ryder mwaka 1890, miaka 17 baada ya uchaguzi ule. Zilikuwa 22.