Maziwa ya Magamba: Halijoto Haisemi Yote

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, mkoani Tanga. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo yaingie kwenye friza. Siku moja nafasi zilikuwa zinakwisha. Mwenzake aliweka maziwa ambayo hakuyachemsha, naye Mpemba akaingiza yake yakiwa bado moto. Baada ya kama saa moja na nusu, yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa mazito tu. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine alisema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu.

Walimu hao walikuwa na hoja, na inastahili kupimwa kabla ya kulaumiwa. Chukua maji, maana tabia yake inakaribiana na ya maziwa. Kilo moja ikipoa kwa nyuzi moja ya Selsiasi hutoa kilojuli 4.18 hivi, na ikiganda hutoa nyingine 334. Kwa hiyo maji ya nyuzi 90 yana deni la kilojuli 710 hadi yawe barafu, na ya nyuzi 35 yana 480. Zaidi ya hapo, maji ya moto lazima yapitie nyuzi 35 yakishuka. Yakifika hapo, yako pale yale mengine yalipoanzia, tena yamechelewa. Yatawapitaje wenzao?

Hoja hiyo ina dhana iliyofichika: kwamba maji ya nyuzi 35 ni yale yale, vyovyote yalivyofika hapo. Naikataa dhana hiyo. Halijoto ni kipimo cha hali. Haitaji wingi wa kitu, wala mzunguko ulio ndani yake, wala chombo kimegusana vipi na friza. Maji yaliyoshuka kutoka nyuzi 90 yamepoteza mvuke, na kila gramu ya mvuke huondoka na takriban kilojuli 2.3. Gramu 100 zikitoka katika kilo moja, zimebeba karibu tofauti yote ya madeni yale mawili. Tena chombo cha moto huweza kuyeyusha barafu nyembamba iliyo chini yake, kikakaa vizuri juu ya chuma baridi.

Mpemba aliliuliza swali lake tena mbele ya Denis Osborne, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na huyu alifanya jambo ambalo darasa halikufanya: alikwenda kupima. Mwaka 1969 waliandika pamoja katika jarida la Physics Education. Osborne aliona kwamba mvuke peke yake hautoshi kueleza jambo lote. Alitilia mkazo mzunguko: maji ya moto hupanda, uso wa juu hubaki na joto kuliko chini, na uso huo ndio unaolitoa joto kwa kasi.

Mjadala haujaisha. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walipima upya, wakaonya kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kuzaa tofauti inayofanana na ile inayodaiwa. Onyo hilo nalichukua kwa uzito, na kwangu linaitia nguvu hoja hii: chombo kimoja kina halijoto nyingi kwa wakati mmoja, na neno «kuganda» lina maana zaidi ya moja. Kuna chembe ya kwanza ya barafu, na kuna kuganda kote hadi kitovuni.

Likizoni Mpemba alikutana na rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga, naye rafiki huyo akamwambia kwamba hutumia maziwa ya moto ili yagande upesi. Muuzaji huyo hakuwa akisoma nyuzi. Kipimo chake kilikuwa aiskrimu kuwa ngumu kiasi cha kumpa mteja mkononi, na hiyo ni maana ya tatu ya «kuganda», ambayo hesabu ya 710 na 480 haikuigusa kabisa.