Glam rock ilidumu miaka michache tu, kwa nini bado inaingiza pesa?

Kila Desemba, redio na maduka ya Uingereza hupiga tena wimbo uleule: Merry Xmas Everybody wa bendi ya Slade. Ulitoka mwaka 1973, ukapanda moja kwa moja hadi namba moja, na mirabaha yake haijakauka mpaka leo. Watu huko huutania kwamba ndio pensheni ya Noddy Holder, mwimbaji aliyeuandika pamoja na mwenzake Jim Lea. Cha kuchekesha, wimbo huo wa baridi na theluji waliurekodi New York katikati ya joto la kiangazi.

Slade walikuwa sehemu ya wimbi lililoitwa glam rock. Wanaume walipaka vipodozi, wakavaa nguo za kumetameta na viatu vya soli nene, vile ambavyo wazee wa Dar es Salaam wanavikumbuka kwa jina la raizoni. Muziki wenyewe ulikuwa mwepesi: gita zito, ngoma za kupiga makofi, kiitikio ambacho hata mlevi anakishika.

Wengi wanahesabu kuwa mambo yalianza Machi 1971, Marc Bolan wa T. Rex alipopanda kwenye kipindi cha BBC cha Top of the Pops akiwa na vipambo vya kung'aa chini ya macho. Kufikia 1975 joto lilikuwa limeshapoa. Kilichowapata wanamuziki wenyewe baada ya hapo, hapo ndipo stori ilipo.

Bolan na wimbo wa mpenzi wake

Bolan alifariki Septemba 16, 1977, wiki mbili kabla ya kutimiza miaka 30. Gari dogo aina ya Mini liliacha njia eneo la Barnes, London, likaishia kwenye mti. Yeye hakuwahi kujifunza kuendesha. Aliyekuwa kwenye usukani ni mpenzi wake, mwimbaji Mmarekani Gloria Jones, aliyeumia vibaya. Mashabiki bado wanapeleka maua pale. T. Rex waliingizwa kwenye jumba la heshima la rock la Marekani mwaka 2020, miaka 43 baada ya ajali.

Mtoto wao, Rolan, alikuwa hajafikisha miaka miwili. Wazazi hawakuwa wamefunga ndoa, na kisheria Bolan alikuwa bado mume wa mwanamke mwingine, hivyo suala la mali likawa gumu. Rolan mwenyewe ameeleza kwamba David Bowie, rafiki na mpinzani wa baba yake, ndiye aliyesaidia kulipa ada yake ya shule.

Gloria Jones naye ana kisa chake. Miaka ya 1960 alirekodi Tainted Love, ukatoka na kupotea hivihivi. Mwaka 1981 Soft Cell wakaurudia, ukawa namba moja Uingereza. Lakini Jones hakuwa ameuandika, mtunzi ni Ed Cobb, kwa hiyo pesa ya utunzi haikuwa yake. Soft Cell nao waliweka wimbo mwingine wa watu upande wa pili wa sahani, yaani hit kubwa kuliko zote walizowahi kupata haikuwapa hata senti ya utunzi.

Bowie auza kesho yake

Bowie alilielewa hili mapema kuliko wengi. Mhusika wake Ziggy Stardust alimpa umaarufu mwaka 1972, naye akamstaafisha jukwaani London Julai 1973 wakati mashabiki bado wanamtaka. Mwaka 1997 akafanya jambo ambalo watu wa benki walilisimulia kwa muda mrefu: alitoa hatifungani za miaka 10 zenye thamani ya dola milioni 55, dhamana ikiwa mapato ya albamu zake 25 za zamani. Sehemu ya pesa hizo aliitumia kununua haki zilizokuwa bado kwa meneja wake wa zamani.

Muda ulikuwa mzuri ajabu. Miaka michache baadaye watu walianza kupakua nyimbo bure kwenye intaneti, mauzo ya CD yakaporomoka, na hatifungani zile zikashushwa daraja. Bowie alikuwa ameshachukua chake. Alifariki Januari 10, 2016, na miaka sita baadaye familia ikauza haki za utunzi wake kwa Warner Chappell kwa kiasi kilichoripotiwa kuzidi dola milioni 250.

Hapo kati kuna mtoto wa Zanzibar. Februari 1974 Top of the Pops walikosa video ya wimbo mpya wa Bowie, nafasi ikaenda kwa bendi ambayo bado haikuwa na jina kubwa: Queen. Mwimbaji wao Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka 1946. Queen wa wakati ule, wenye kucha nyeusi na nguo za hariri, walikuwa karibu sana na glam.

Nyimbo zinazohama

Marekani haikuwapenda sana Slade. Hata hivyo mwaka 1983 Quiet Riot wa Los Angeles waliurudia wimbo wao Cum On Feel the Noize, na albamu iliyoubeba ikashika namba moja kwenye chati za Billboard. Vivyo hivyo I Love Rock 'n' Roll: wengi wanaamini ni wa Joan Jett, kumbe ni wa Arrows, bendi ya glam ya London, wa mwaka 1975. Jett aliuona kwenye televisheni akiwa Uingereza, na mwaka 1982 ukakaa namba moja Marekani wiki saba. Aliyemfanya atamani kushika gita alikuwa Suzi Quatro, mwanamke wa Detroit aliyepata jina Uingereza kwa kupiga besi akiwa amevaa ngozi.

Si urithi wote unaoimbika. Rock and Roll Part 2 wa Gary Glitter ulipigwa kwenye viwanja vya michezo Marekani kwa miaka mingi. Kisha Glitter akatiwa hatiani kwa makosa ya kingono dhidi ya watoto, Uingereza na Vietnam, na mwaka 2015 akahukumiwa miaka 16. Filamu ya Joker ilipoutumia wimbo huo mwaka 2019 watu walikuja juu, wakihofia anaingiza pesa akiwa gerezani. Wamiliki wa haki walijibu kwamba yeye hapati chochote.

Mwaka 2024 Kiss, Wamarekani waliochukua vipodozi vya glam na kuvifanya biashara, waliuza nyimbo, jina na zile sura zao zilizopakwa rangi kwa kampuni ya Pophouse ya Sweden, kwa dola zinazotajwa kuzidi milioni 300. Mpango ni Kiss wa kompyuta wapande jukwaani badala ya wazee wenyewe, kama ABBA wanavyofanya London tangu 2022.