Fahamu Upungufu wa Damu kwa Wagonjwa wa Moyo

Upungufu wa damu huwapata mara kwa mara watu ambao moyo wao umeshindwa kusukuma damu ipasavyo. Mara nyingi hauonekani mapema, kwa kuwa uchovu, kuhema wakati wa kutembea, kizunguzungu na mapigo ya haraka ya moyo ni dalili za hali zote mbili. Kipimo cha damu ndicho kinachozitofautisha.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu mzima ana upungufu wa damu endapo himoglobini yake iko chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, au chini ya gramu 12 kwa mwanamke asiye mjamzito.

Hali ilivyo nchini

Utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili chini ya Profesa Abel Makubi, ambaye baadaye alikuwa Mganga Mkuu wa Serikali, ulichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Heart. Kati ya wagonjwa 401 wa moyo kushindwa kufanya kazi, asilimia 57 walikuwa na upungufu wa damu. Waliopungukiwa damu kwa kukosa madini ya chuma walikuwa katika hatari zaidi ya maradufu ya kulazwa tena au kufariki dunia. Aidha, waishio nje ya Dar es Salaam walibainika kuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupungukiwa damu.

Matokeo hayo yanawagusa moja kwa moja wananchi wa mikoani, wakiwemo wa Kata ya Cheyo katika Manispaa ya Tabora.

Sababu

Moyo dhaifu hupunguza damu inayofika kwenye figo, nazo hushindwa kutoa ipasavyo kichocheo kinachouamuru uboho kutengeneza chembe nyekundu. Utumbo nao hufyonza madini ya chuma kwa shida, na maji yanayojikusanya mwilini huizimua damu. Malaria, minyoo ya safura na lishe duni huongeza tatizo.

Matibabu

Daktari hutafuta kwanza chanzo. Kwa baadhi ya wagonjwa wenye upungufu wa madini ya chuma, dawa ya kuchoma kwenye mshipa huleta nafuu kuliko vidonge, ambavyo havifyonzwi vizuri. Kuongezewa damu hufanyika kwa tahadhari, kwani huweza kuulemea moyo. Mgonjwa asinunue dawa za kuongeza damu bila ushauri: si kila upungufu wa damu unatokana na ukosefu wa madini ya chuma, na madini hayo yakizidi hudhuru.

Lishe

Maini, kunde, maharage na mboga za majani zina madini ya chuma. Maembe, ambayo Tabora inayo kwa wingi katika msimu wake, na machungwa husaidia mwili kuyafyonza. Chai inyweke mbali na mlo. Dagaa wanafaa, lakini waliotiwa chumvi waepukwe, kwani chumvi huongeza maji mwilini.

Mgonjwa wa moyo anayechoka kuliko kawaida yake, anayevimba miguu au kupauka viganja, asisubiri tarehe ya kliniki. Afike kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Tabora, Kitete, na aombe kupimwa wingi wa damu.