Kombaini iliyokimbia unyevu wa Michigan

Nimepotea kidogo, tesiti zimetubana. Wiki hii tumepewa swali la mapinduzi ya kilimo, mi nikaangukia kwenye chekeche za kombaini. Rumu meti kacheka. Mi sikucheka. Msimu uliopita mama alikodi kombaini, ikaingia kwenye mpunga asubuhi umande haujakauka, dereva hakugusa chekeche. Tuliokota punje nyuma yake mpaka migongo ikauma, na pale ndo ilikuwa ada ya mdogo wangu.

Kumbe hilo la unyevu ni la zamani. Hiram Moore na John Hascall walipata hataza ya kombaini yao kule Michigan, Marekani, mwaka 1836. Ilikata, ikapura na kupepeta kwa mpigo mmoja, ikivutwa na msururu wa farasi. Kazi iliiweza, ila hewa ya kule ina unyevu: ngano ikisimama shambani haikauki vizuri, na ukiipura hivyohivyo inaharibika ghalani. Mwaka 1854 mashine moja ikapakiwa melini, ikazunguka Rasi ya Horn hadi California, ambako kiangazi ni kikavu haswa. Ikavuna kama ekari 600! Miaka miwili baadaye ikaungua, eti beringi haikutiwa mafuta. Lakini California ndiko kombaini zilikoota mizizi.

Ndani yake ni ungo tu, jamani. Feni inapuliza kutoka chini, chekeche ya juu ina matundu makubwa, ya chini madogo. Mwanzoni ulibadilisha bati lenye matundu kwa kila zao. Baadaye zikaja chekeche za vibao vinavyofunguliwa na kufungwa. Mahindi yanataka nafasi pana, ngano nyembamba, na punje ndogo kama ulezi zinataka upepo wa taratibu, la sivyo zinapeperuka na makapi. Kukiwa na unyevu makapi yanakuwa mazito na kushikana, punje zinabebwa juu yake hadi nje. Hapo unafungua ya juu kidogo, unaongeza upepo kidogokidogo. Jua likiwaka saa saba unarekebisha tena, shamba lilelile. (Sawa, hata ngoma ya kupuria huenda ilichangia yetu.)

Nimempigia mama kumweleza. Kasema msimu huu kombaini ikienda hatua ishirini atasimamisha dereva, ainame nyuma na ungo wake ahesabu punje.