Gari ya Petroli na Rutuba ya Alfajiri



Neno rutuba sisi Waswahili wa Maskati tunaishi nalo kwa maana mbili. Kwa wazee wetu wa Unguja na Pemba rutuba ni ya ardhi, ya shamba linalozaa. Kwa Kiarabu cha hapa ni ule unyevunyevu wa hewa unaotoka baharini siku za joto, ukavilowesha vioo vya gari alfajiri kama kwamba usiku kulinyesha. Gari za zamani za petroli zinaijua zaidi maana hii ya pili. Hapa Ansab, kilomita chache tu kutoka pwani, utasikia stata inalia, inalia, mpaka betri inachoka, na injini haishiki.

Maradhi haya ni ya zamani. Charles Kettering wa Marekani ndiye aliyetengeneza mfumo wa betri, koili na pointi uliotumiwa na Cadillac mwaka 1910, na mpaka miaka ya 1970 gari nyingi za petroli duniani ziliufuata. Koili inazichukua volti 12 za betri na kuzipandisha mpaka 15,000, 20,000 au zaidi. Distribyuta inazigawa kwa zamu, plagi baada ya plagi. Umeme wa nguvu hizo ukikuta utando wa maji juu ya kifuniko cha distribyuta au juu ya waya, unateremka zake kwenye chuma cha injini na plagi inabaki bila cheche. Maji safi peke yake hayapitishi umeme sana. Ya pwani yana chumvi, na ya Maskati yana chumvi na vumbi. Tena unapopiga stata ndipo betri inapobanwa, volti zinashuka hata 10 au 9, na cheche inadhoofika pale pale inapotakiwa.

Tulipokuwa tukisoma uhandisi Uingereza tuliona kwamba hata wenyewe waliteseka. Mini ya mwaka 1959, kazi ya Alec Issigonis, distribyuta yake ilielekea mbele, nyuma tu ya grili, ikipokea mvua yote ya barabarani. Wenye gari hizo waliivisha glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, waya za plagi zikatokezea vidoleni! Tulicheka, lakini ilifanya kazi.

Kwetu Afrika Mashariki mwalimu alikuwa masika. Katika mashindano ya Safari, miaka ya 1963 na 1968, mvua na matope viliziangusha gari mpaka zikafika mwisho saba tu kila mara, na mara zote mbili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff kwa Peugeot 404. Fundi wa Unguja au Mombasa hakuwa na haja ya mashindano kulijua hilo. Kila mwaka Machi ilimletea wateja.

Ujuzi huo ulivuka bahari. Baada ya mapinduzi ya 1964 wengi walitawanyika, na baada ya Julai 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani walioko nje warudi, wazee wetu walifika katika nchi yenye barabara ya lami ya kilomita 10 hivi. Husemwa sana juu ya waliokwenda maofisini na Kiingereza chao. Mafundi hawasemwi, na sisi tunaona hii ni dhulma ndogo ya historia yetu.

Mwaka jana jirani yetu mmoja aliambiwa na gereji kwamba Land Cruiser ya marehemu baba yake, ya 1984, injini imekufa. Ilikuwa iuzwe kwa bei ya chuma. Mzee mmoja wa mtaani, aliyejifunza kazi Unguja, akasema: "Mwanangu, ngoja usiku." Usiku taa zikazimwa, boneti ikafunguliwa, stata ikapigwa, na sote tukaona cheche za buluu zikitambaa juu ya waya.

Yaliyofuata hayakuwa makubwa. Kifuniko kilifunguliwa, kikafutwa ndani na nje kwa kitambaa kikavu. Ndani palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama wa penseli: njia ambayo umeme ulikwisha kujichomea. Kifuniko chenye mstari huo, au ufa, hakifai tena hata kikikaushwa. Kikanunuliwa kipya, pamoja na rota na waya zote za plagi, na waya wa betri unaokwenda kwenye bodi ukasafishwa kutu. Mzee alimkataza kijana asifute kwa petroli, maana cheche moja ingetosha kuichoma gari. Dawa ya kupulizia ya kufukuza maji aliikubali, kwa sharti mvuke wake utoke kwanza kabla ya kupiga stata.

Gari za leo zina koili juu ya kila plagi na distribyuta hazina, kwa hiyo kijana wa gereji hana pa kujifunzia. Tumekubaliana na mzee awe anakuja Ijumaa baada ya sala ya alasiri, na Land Cruiser ile ndiyo darasa. Mpaka sasa wanafunzi ni wanne.