Jina Ambalo Halipo Kwenye Karatasi ya Kura

Kampeni za urais zikifika Mwanza, viwanja vya Furahisha hujaa. Nimesikia wagombea wakiahidi meli, maji na bei nzuri ya pamba. Sijasikia hata mmoja akiulizwa atateua majaji wa aina gani. Majaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na rais, baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na rais tunamchagua sisi. Kura yetu haina njia nyingine ya kumfikia jaji.

Anayedhani hayo ni ya wanasheria na aifuate kesi ya Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Tarehe 24 Agosti 1988 Holaria, mwanamke wa Kihaya aliyezeeka na kukosa wa kumtunza, aliuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Lilikuwa shamba la ukoo, na mnunuzi hakuwa wa ukoo. Bei ilikuwa shilingi 300,000. Kesho yake tu (ukoo ukitaka, mbio unazijua) shauri lilikuwa limefunguliwa Mahakama ya Mwanzo Kashasha, Muleba, kutaka mauzo yafutwe.

Mila ilikuwa imeandikwa. Tangazo la serikali la 1963, kanuni ya 20 ya urithi, lilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini si kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ikamwamuru arudishe fedha. Mahakama ya Wilaya ikatengua. Rufaa ikaja Mwanza, kwa Jaji James Mwalusanya.

Tarehe 22 Februari 1990 Mwalusanya alisema haki za msingi zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984 haziruhusu ubaguzi huo: mwanamke auze kama mwanamume anavyouza. Ukoo ukilitaka shamba, ulipe zile 300,000 ndani ya miezi sita, vinginevyo mauzo yasimame.

Hakuna mpiga kura aliyemchagua Mwalusanya. Je, tungemchagua? Marekani majimbo mengi hupigia kura majaji wa mahakama zao za juu. Aprili 2025 Wisconsin ilimchagua Susan Crawford katika kampeni iliyomeza mamilioni ya dola. Nami sioni jaji anayeomba kura za wazee wa koo za Muleba akiandika hukumu ile. Kwa hiyo sitamani utaratibu wa Wisconsin. Ninachokitamani ni lile swali ambalo wapiga kura wa kule hawawezi kulikwepa: huyu atakayeketi pale ni nani, na anaisomaje Katiba?

Maana jibu hubadilisha maisha ya watu. Baadaye wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga walizipinga kanuni za tangazo lilelile la 1963, zilizowanyima urithi wa waume zao. Katiba ilikuwa na ibara zilezile. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, Dar es Salaam, ilikiri kwamba mila hizo zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta, ikisema mila haziwezi kubadilishwa kwa hukumu. Mwalusanya alikuwa amefanya hivyo hivyo miaka 16 kabla. Rufaa ya wajane ikatupwa kwa kasoro ya nyaraka. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliamua kwamba Tanzania iliwakosea. Wakati huo nyumba walizoishi na waume zao walikuwa wameshaziacha.